Samadi ya Mireille

Jumamosi ile ya mwisho wa Mei, foleni ya meza ya Mireille ilikuwa ndefu mpaka ikaipita meza ya dada yake, na waliosimama mkiani walikuwa wamempa Ghislaine mgongo. Hilo la mgongo ndilo lililomkera. Laiti wangesimama wakimtazama, wangeona figili zake zilivyooshwa zikang'aa, na labda wawili watatu wangechoka kungoja, wakanunua kwake. Lakini wapi! Mama mmoja mnene alikuwa hata ametua kikapu chake juu ya meza ya Ghislaine, palepale kwenye trei ya saladi, utadhani meza ile haina mwenyewe.

"Mama, kikapu chako," Ghislaine alisema.

"Ala! Samahani, bibi. Sikujua kama kuna mtu hapa."

"Kuna mtu. Yupo hapa mwaka wa ishirini na mbili sasa."

Mama yule alicheka, akidhani anataniwa, akachukua kikapu chake na kusogea hatua moja kuelekea kwa Mireille. Hata fungu moja la figili hakununua.

Mireille alikuwa mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, wamepishana miaka kumi na mmoja. Miaka minne tu nyuma alikuwa karani mjini, mwanamke wa viatu vya kisigino, akiona nyungunyungu anapiga ukunga. Aliporudi Sainte-Délima na mumewe, akanunua shamba lililo la tatu baada ya la dada yake, ni Ghislaine aliyemshika mkono. Alimwonyesha jinsi ya kupanda karoti, jinsi ya kumtoa mdudu wa viazi kwa vidole bila dawa, jinsi ya kujaza makaratasi ya cheti cha kilimo hai, yale yanayotaka kujua mpaka maji ya kuoshea saladi yametoka wapi. Na alimfundisha kwa moyo mweupe, Mungu shahidi. Ila alimfundisha akijua kwamba mwanafunzi atabaki kuwa mwanafunzi. Mwaka huu wenye meza walikuwa wamemchagua Mireille kuwa mwenyekiti wa soko, na tangu siku ile Ghislaine hakukanyaga tena kwenye mikutano yao. Akiulizwa, husema ana kazi nyingi.

"Usiwatazame," Normand, mumewe, alimnong'oneza. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kuongea na mboga kuliko na watu. "Funga figili."

"Nifunge za nini? Hizi zilizofungwa nani kazinunua?"

"Watakuja."

"Watakuja wakikuta za mwenzetu zimekwisha. Sisi ni wa kuokoteza makombo, Normand, hujaona tu."

Aliyekuja ni Maxime, mpishi na mwenye hoteli ya kando ya ziwa. Ghislaine alijiweka sawa, akafuta mikono kwenye aproni. Kwa miaka kumi na mmoja Maxime alikuwa akichukua nyanya zake zote za kiangazi, kreti kwa kreti. Hela ya Maxime ndiyo iliyolipa kodi ya ardhi, nailoni mpya ya banda, na meno ya bandia ya Normand. Mwaka jana, wiki ya kwanza ya Julai, Mireille alikuwa na nyanya mbivu wakati za Ghislaine bado kijani, na Maxime akanunua kule wiki ile moja. Wiki moja tu. Lakini Ghislaine hakuisahau hata siku moja.

"Bi Ghislaine, nitasema wazi ili tusije tukakosana," Maxime alisema. "Mwaka huu sitaki kununua huku na huku. Mwenye nyanya za kwanza ndiye nitakayechukua kwake mpaka umande wa barafu uanguke. Nimemwambia na mdogo wako hivyohivyo."

"Umemwambia yeye kwanza?"

Maxime alikohoa. "Nilipita pale kwanza. Foleni ilikuwa imepungua kidogo."

Ghislaine alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Alimpa fungu la figili bure, na Maxime akalipokea, na baadaye Ghislaine akamwona amelisahau kwenye meza ya mwuza jibini.

*

Siku ileile jioni, jua bado lipo, alitafuta sababu ya kwenda kwa Mireille. Alibeba kreti tatu tupu za kurudisha, ambazo Mireille mwenyewe hakumbuki kama alizikopesha.

Mireille alikuwa ndani ya banda lake la nailoni, anafunga mimea ya nyanya kwenye kamba. Ghislaine aliingia, akasimama mlangoni, na miguu ikakataa kwenda mbele. Nyanya za Mireille zilikuwa zimefika kiunoni. Zilikuwa nene, kijani cha kukolea, na tayari zina maua. Zake nyumbani zilikuwa gotini, na moja moja ndiyo kwanza inachipua ua. Roho ilimuuma kweli, akahisi kama mtu kamkanyaga.

"Karibu, dada! Pita, pita. Unaona watoto wangu?"

"Naona. Unazipa nini hizi?"

"Sizipi kitu cha ajabu. Mboji ileile tunayonunua wote. Nazifunika tu kwa kitambaa kila jioni na kuzifunua kila asubuhi, kama ulivyonifundisha wewe."

Ghislaine alicheka kwa pua. Ni kweli alimfundisha hivyo. Ni kweli pia kwamba yeye mwenyewe alishaacha, mwaka wa tatu huu, maana kuinama kufunika mistari minane kila jioni kulikuwa kumemvunja kiuno. Lakini kitambaa! Kitambaa kikuze mimea mpaka kiunoni? Akamdanganye mtoto mdogo.

Kupitia mlango wa nyuma wa banda aliona, pembeni kabisa mwa shamba, rundo limefunikwa turubai jeusi na kukandamizwa kwa matairi ya zamani.

"Na lile?"

Mireille alifuata macho yake. "Lile? Aa, samadi ya farasi hiyo. Achana nayo, dada, nitakueleza." Simu yake ikalia, mteja wa vikapu vya mboga vya kila wiki, na Mireille akatoka nje akiongea na kucheka, akimwacha dada yake peke yake na nyanya zile.

Achana nayo. Ghislaine alirudi kwake kwa miguu akiyatafuna maneno yale njia nzima. Kumbe! Nimemfundisha kila kitu, hata kushika jembe nimemshikisha mimi, na yeye akipata kitu kizuri anakifunika turubai. Nitakueleza! Lini? Julai, akishapokea hela ya Maxime?

*

Jumapili ya pili ya Juni kulikuwa na misa ya kumwombea mama yao. Gazeti la parokia lilikuwa juu ya meza ya jikoni, na Ghislaine alikuwa amelisoma mara nne. *Kwa ajili ya marehemu Yvonne Lacasse, nia ya binti yake Mireille.* Binti yake. Utadhani mama alizaa mmoja.

"Alilipia yeye, basi jina lake likaandikwa," Normand alisema, anafunga tai. "Wewe ungelipia, lingeandikwa lako."

"Ningelipia kama angenipa nafasi. Mama hajafikisha mwaka wa tano, mwenzetu keshakwenda kwa padri tangu Pasaka. Kila kitu yeye wa kwanza. Hata kulia."

"Ghislaine."

"Kichwa kinaniuma. Nenda peke yako."

"Misa ya mama yako?"

"Nimesema kichwa kinaniuma, Normand! Nikaanguke kanisani watu wapate la kusema?"

Normand alimtazama kidogo, akachukua kofia, akaondoka na gari dogo. Ghislaine alingoja mpaka kengele za kanisa zikapiga. Alijua kila mtu wa nyumba ya Mireille atakuwa kwenye kiti cha mbele. Akavaa mabuti, akachukua uma wa samadi, akawasha pikapu.

Rundo lilikuwa kama lilivyokuwa. Alivingirisha matairi, akafunua turubai, akachota mkono mmoja. Samadi ilikuwa nyeusi, laini, inavunjika kama keki, haina hata harufu. Imeoza vizuri. Imeoza vizuri kuliko mboji yoyote aliyowahi kununua. Kando ya rundo kulikuwa na ubao, na juu yake vikopo sita vimeoteshwa maharage. Maharage yale yalikuwa ya kusikitisha: majani yake yamejikunja na kusinyaa, shingo zimepinda. Ghislaine aliyaona, akacheka kwa sauti pale peke yake. "Lo! Mwenyekiti wa soko! Maharage yanamshinda!"

Mkulima aliyelima miaka ishirini na miwili huyo. Siku nyingine yoyote angejiuliza kwa nini mtu mwenye shamba zima aoteshe maharage kwenye vikopo kando ya samadi. Yeye mwenyewe alikuwa akifanya vile zamani kila aliponunua samadi ya mtu asiyemjua: unachanganya kidogo na udongo, unatia maharage, unangoja wiki tatu uone yanasemaje. Lakini siku ile alikuwa amechoka kuona vizuri vya Mireille, na kilipotokea kibaya alikifurahia tu, hakukiuliza swali.

Alijaza pikapu peke yake, mwanamke wa miaka hamsini na sita, jasho linamwingia machoni, wakati kanisani wanaliimbia jina la mama yake. Alirudisha turubai na matairi. Nyumbani akaisogeza samadi kwa toroli mpaka ndani ya banda, akaitandaza kwenye mashina ya nyanya, mstari baada ya mstari, akamwagilia maji ishuke. Samadi ilimwishia kwenye mstari wa sita. Miwili ya mwisho, karibu na mlango, akaiacha ilivyo.

Halafu akakaa jikoni na daftari la pembejeo mbele yake. Kila kinachoingia shambani lazima kiandikwe mle: kitu gani, kiasi gani, kimetoka kwa nani, na risiti ibanwe. Hiyo ndiyo sheria ya cheti, na Ghislaine ndiye aliyekuwa akiwaambia wenzake kwamba mkulima asiyeandika hana tofauti na mwizi. Akaishika kalamu. Kimetoka kwa nani? Akaiweka kalamu, akafunga daftari, akaenda kulala na kitambaa cha maji kipajini.

Normand alirudi saa nane akiwa na pai ya nyama imefungwa kwenye taulo. "Mireille kakuletea. Amesema ule upate nguvu. Watu wote walikuulizia."

Ghislaine aliila pai ile. Ilikuwa tamu, akaimaliza mpaka makombo.

*

Siku ya kumi na tatu baada ya misa, Normand alimwita kutoka bandani kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu ile siku theluji ilipovunja paa.

Ncha za nyanya zilikuwa zimejikunja. Majani machanga yalikuwa yamesinyaa, yamekuwa membamba yenye mikunjo, shingo za mimea zimepinda. Maua yalikuwa yamedondoka chini. Ghislaine aligusa mmea mmoja, wa pili, wa kumi. Mistari sita ilikuwa vilevile.

"Kiu?" Normand aliuliza. "Au ugonjwa? Mimi sijawahi kuona hiki."

Ghislaine alikuwa ameshaona. Alikuwa ameona kwenye vikopo sita juu ya ubao. Lakini ulimi una haraka kuliko moyo, hasa moyo wenye cha kuficha, na kabla hajajijua alikuwa ameshasema, "Gaétan."

"Jirani Gaétan? Kafanyaje?"

"Juzi alikuwa anapiga dawa mahindi yake. Upepo umeileta huku. Ni dawa ya magugu hii, Normand, tazama! Ametuua!"

"Gaétan huwa haendi na dawa siku ya upepo."

"Basi nimefanya mimi? Sema! Nimezipinda mimi kwa mikono yangu?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini akiwa na hasira huikimbia mbio. Ghislaine aliingia ndani, akapiga simu ofisi ya cheti, akalia kwenye simu, akataka waje haraka waone jirani alichomfanyia. Walimwambia mkaguzi atafika Alhamisi. Alipoiweka simu chini ndipo alipogundua kwamba amemwita nyumbani kwake mtu wa pekee duniani ambaye hakupaswa kumwita.

Normand, kwa upande wake, alizunguka ua kwenda nyumbani kwa Gaétan, akavua kofia mlangoni. Mzee hakumkaribisha ndani.

"Nimekutoa kwenye theluji na trekta langu mara ngapi, Normand?"

"Mara nyingi, Gaétan."

"Mara nyingi. Na mkeo anapiga simu mjini kusema nimemwagia sumu. Mke wangu kaambiwa dukani, mbele ya watu, ameshika mkate mkononi." Gaétan alitikisa kichwa. "Mpaka Alhamisi. Halafu tutaona nani ana sumu."

Normand alirudi, akakaa kitako nje kwenye kreti, hakuingia bandani tena siku ile. Jioni, bila kumwuliza mkewe, alimpigia simu shemeji yake aje Alhamisi. Mwenyekiti wa soko anajua kuongea na wakaguzi, alisema, na sisi hatuna mtu mwingine.

"Wewe umemwita nani?" Ghislaine alisema, na uso ukamwisha damu.

"Mdogo wako. Kwani kuna nini?"

*

Mkaguzi, Bi Desnoyers, alikuwa mwanamke mfupi mwenye nywele za mvi zilizokatwa kama za mvulana. Hakupokea kahawa. Alianzia kwenye ua unaopakana na mahindi, Gaétan akiwa amesimama upande wake wa ua na mikono kifuani, akarudi polepole akitazama chini. Mireille alifika akiwa bado na udongo wa asubuhi magotini, akambusu dada yake mashavu yote mawili. "Pole sana, dada," alimwambia sikioni. "Litapita hili."

"Maharage yako ya nje yapo jirani kabisa na mahindi," Bi Desnoyers alimwambia Ghislaine. "Na maharage ni dhaifu kwa dawa hizi kuliko nyanya. Mbona ni mazima?"

"Sijui. Upepo una mambo yake."

"Hebu tuingie bandani."

Waliingia wanne. Ghislaine hakumtazama mkaguzi. Alimtazama Mireille. Alimwona anainama kwenye mstari wa kwanza, anashika jani lililojikunja, anapangusa udongo wa juu kwa kidole, anakwangua ile samadi nyeusi na kuivunja kiganjani. Alimwona anatulia. Halafu Mireille akainua macho, wakatazamana, na Ghislaine akajua kwamba mdogo wake ameshajua yote, mpaka siku na saa.

"Mistari sita imeharibika," Bi Desnoyers alisema, "na miwili hii ya mlangoni ni mizima kabisa. Upepo hauchagui mistari, Bi Ghislaine. Hapa uliweka kitu. Ni nini?"

"Mboji."

"Ya wapi?"

"Tunayonunua kila mwaka."

Bi Desnoyers alichukua daftari la pembejeo kwenye meza ya miche, akalifungua, akapitisha kidole. "Ya Aprili naiona. Iliwekwa mistari yote minane. Hii ya juu siioni." Akainama, akachambua vipande vya nyasi ndani yake. "Hii ni ya farasi. Siku hizi farasi wanalishwa nyasi zilizopigwa dawa ya magugu. Farasi hadhuriki, lakini dawa inapita tumboni mwake, inakaa kwenye samadi miaka. Nakuuliza mara ya pili. Imetoka kwa nani?"

Normand alimtazama mkewe. Hakuwa anaelewa, na kutokuelewa kwake kulikuwa kunauma kumtazama. Ghislaine aliinama, akaokota ua lililodondoka.

"Imetoka kwangu," Mireille alisema.

Wote wakageuka.

"Nililetewa na mwenye zizi moja la farasi, mwezi wa nne. Niliipima kwa maharage, nikaona mbaya, nikaifunika nikimngoja aje kuichukua. Niliwatangazia wenzangu mkutanoni." Alijipangusa samadi kiganjani. "Lakini kabla sijaipima nilikuwa nimeshampa dada ajaribu. Halafu nikasahau kumwambia. Yeye hakujua kitu. Na kutoandika ni mimi pia, nilimwambia nitamletea karatasi, sikuleta. Andika kosa ni langu."

Bi Desnoyers alitoa kalamu. "Unajua nitaliandika kwenye faili lako wewe? Kutoa samadi isiyopimwa?"

"Najua."

"Mwenyekiti wa soko."

"Najua, bibi."

Mkaguzi alishusha pumzi. Uso wake mkavu ulilainika. "Kama ni hivyo, Bi Ghislaine, banda hili litafungwa peke yake, miaka mitatu. Bustani ya nje inabaki na cheti chake. Meza yako sokoni inabaki. Una bahati ya kuwa na ndugu wa namna hii." Nje ya nailoni, Gaétan, aliyekuwa amesogea asikie, alivua kofia yake. Hakumvulia Ghislaine. Normand alikuwa ameshika mkono wa shemeji yake kwa mikono miwili, anasema asante, asante, Mireille, asante.

Na Ghislaine aliwatazama wote. Aliutambua uso ule wa mkaguzi. Ulikuwa uso wa watu wa foleni. Akaona miaka yake iliyobaki imepangwa mbele yake: kila Jumamosi karoti zake zitauzwa kwa hisani ya Mireille, kila Krismasi atakaa kwenye meza ya Mireille, wala Mireille hatalitaja neno hili hata mara moja, na huko kutolitaja kutamnenepesha Mireille kwa wema. Watu watanong'ona, unajua alimwokoa dada yake? Nyanya amechukua. Maxime amechukua. Mama amemchukua, na jina lake gazetini. Sasa na msamaha pia ni wake, kaufikia wa kwanza, na mimi nibaki wa kupokea! Wivu ulimpanda, na safari hii haukumziba mdomo. Uliufungua.

"Mwongo," alisema.

"Dada..."

"Mwongo mkubwa. Hakunipa. Niliiba." Akamgeukia mkaguzi. "Andika. Siku ya misa ya mama yetu nilisema naumwa kichwa, nikaenda na pikapu, nikaiba. Maharage yaliyopinda niliyaona kwa macho yangu, nikayacheka. Na sikuandika kwenye daftari kwa sababu sikutaka kuandika. Gaétan hana kosa, na huyu hana kosa. Ni mimi peke yangu."

Bandani kulikuwa na joto. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bomba.

"Bi Ghislaine," mkaguzi alisema taratibu, "umeelewa ulichosema? Hili si la banda tena. Kuficha pembejeo ni cheti kizima. Shamba lote, miaka mitatu. Hutauza hata jani la saladi kwa jina la kilimo hai."

"Nimeelewa."

"Unaweza ukafikiri kidogo kabla sijaandika."

"Andika."

Normand alikaa chini kwenye udongo, mistari miwili ile mizima ya mlangoni ikiwa nyuma yake. "Miaka mitatu," alisema. "Ghislaine, mimi nina miaka sitini na nne."

"Nilishalibeba, dada!" Mireille alilia waziwazi, kamasi na machozi, bila kujifuta. "Nilishalibeba mimi. Lilikuwa limekwisha! Kwa nini?"

"Ndiyo maana," Ghislaine alisema.

Bi Desnoyers aliandika, akasogeza karatasi, Ghislaine akatia saini mahali alipoonyeshwa. Gaétan alikuwa ameshaondoka uani. Mireille alikuwa bado analia, mabega yanamtikisika, na Normand akainuka kutoka chini kwa shida, mkono kiunoni, akamwendea, akamshika bega. "Basi, shemeji," alimwambia. "Basi, mama. Nyamaza." Ghislaine alisimama kwenye mstari wa sita, akangoja aje na kwake. Hakuja.